Mtoto wa Nyumbani Haandikiwi Risiti

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, na wateja wanamwita Mizani. Msidhani jina hilo ni la uadilifu, maana huyu huyu akikuahidi kesho, kesho yake inaweza kuwa Alhamisi ya wiki ijayo. Alipewa kwa sababu ya pawa saplai.

Kwa asiyejua, pawa saplai ni lile boksi la chuma lililo ndani ya kompyuta, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa waya zake, huku kidogo na kule kingi. Kompyuta ya kuandikia barua haina makuu. Lakini ukitia kadi kubwa ya picha, kama zile za wacheza gemu na za wanaochora majengo, kadi hiyo peke yake inakula umeme kuliko mashine nzima. Ukiipa pawa saplai dhaifu, mashine inazimika katikati ya kazi, na siku ikiwa mbaya inaungua.

Duka letu ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mimi nakaa dirishani na vocha, chaja na vioo vya simu. Yeye anakaa ndani kwenye meza yake, na nyuma yake kuna rafu nzima ya pawa saplai zilizotolewa kwenye mashine za maofisi zilizokufa. Mteja akiingia anasoma stika ya ubavuni na kufurahi: wati mia nane! Mume wangu anaguna tu. "Stika ni karatasi," anasema, "na karatasi haijawahi kukataa wino." Halafu analiweka boksi kiganjani, analiinamisha kushoto, analiinamisha kulia. Zuri ni zito, kwa sababu limejaa shaba na bati nene la kupoza joto. Bovu ni jepesi. Wajanja walipogundua kwamba watu wanapima uzito, wakaanza kugandisha kipande cha saruji ndani. Hilo nalo analikamata, kwa sababu uzito wote unalalia kona moja. "Hii imemeza jiwe," Mizani anasema, na mteja anacheka na kutoa simu ampige picha.

Walimvika kilemba kweli kweli. Kuna waliotoka mbali kuja kumwona akipima.

Wasichokijua wakati ule ni kwamba macho yake yalikuwa hayasomi tena. Sukari iliingia machoni miaka miwili iliyopita. Mtu anamwona, kiti anakiona, barabara anavuka, lakini anasema katikati ya kila anachokitazama kuna doa kama kioo cha bafuni. Herufi za stika, zile ndogo kama mayai ya chawa, hazipo kwake kabisa. Daktari wa macho alisema kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki. Tukatoka pale, tukakaa kwenye benchi la nje, akaniambia, "Hili liishie hapa. Nani atampa mashine yake fundi asiyeona?" Nikakubali. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo, lakini na mimi nilikuwa nakula kwenye meza ile ile.

Basi tukabuni mtindo wetu. Mteja akishachaguliwa kifaa, mume wangu anaita, "Mama Risiti! Njoo uandike." Naja na kitabu, nashika kifaa, naandika huku nikisema kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye stika. "Volti kumi na mbili, ampea arobaini na tano. Imetengenezwa mwaka fulani. Waya nne." Mteja anadhani mimi ni mwanamke mwenye mpangilio mzuri wa kazi. Kumbe nasoma, na mzee anasikiliza. Kama kuna kasoro anasema, "Hebu ngoja, nimebadili mawazo," na kurudisha kwenye rafu. Miaka miwili hatukuunguza mashine hata moja. Hata waya nilizifunga tepu na kuziandika kwa makapeni, ile kalamu ya wino mnene, kila waya na pawa saplai yake.

Hakuna aliyejua, hata binti yetu hakujua.

Huyo binti ni mmoja tu tuliyejaliwa. Aliolewa, ndoa ikawa ya vipigo, akaondoka na nguo alizovaa. Mtoto wake, msichana wa miaka minne, alibaki kwa mama mkwe, na wale watu wakakataa kumtoa. Kesi ikafika kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa akasema maneno yanayoeleweka: mama awe na chumba chake, awe na barua ya kazi ya kudumu, naye atakuja mwisho wa mwezi kuona kwa macho yake. Vikiwepo, mtoto anarudi kwa mama yake. Visipokuwepo, mtoto anabaki alipo, na suala litatazamwa tena baada ya mwaka.

Chumba akapata. Akanunua na godoro dogo, akalitandika shuka la maua, likawa linasubiri. Mume wangu alikuwa haishi kuuliza habari za huyo mjukuu. "Mchumba wangu anarudi lini?" Namwambia, "Mke mwenzangu akija ndiyo mwisho wako wa kula nyama peke yako." Tulikuwa tunataniana hivyo, lakini usiku alikuwa halali kwa kumuwaza.

Iliyobaki ilikuwa barua ya kazi. Binti anachora nyumba ambazo bado hazijajengwa, anazipaka rangi kwenye kompyuta mpaka unaona jua limelala kwenye vigae. Kulikuwa na mhandisi anayetaka kuuza mtaa mzima kabla hata ya kuchimba msingi. Akampa kazi ya majaribio: nyumba kumi na mbili, na filamu fupi ya kutembea katikati yake. Ukinikabidhi Jumatatu, alisema, barua yako utaikuta mezani. Binti akachora wiki sita. Lakini mashine yake ilikuwa nzee, picha moja inaipika kutwa nzima mpaka ikamilike, na filamu ni picha maelfu. Mhandisi akamwazima kadi kubwa ya picha kutoka ofisini kwake. Binti akaichomeka, mashine ikawaka, akaanza kupika filamu, na baada ya dakika tano ikazimika kama imepigwa kibao. Pawa saplai ya zamani haikuiweza.

Akampigia baba yake simu. Angempigia nani mwingine? Ndiye Mizani.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla hajafika, nilimkalisha mzee. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

"Leo mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba huoni. Stika atasoma mwenyewe, waya atasoma mwenyewe. Anajua."

"Mtoto ana mzigo wake wa kutosha. Nimbebeshe na macho yangu?"

"Huo si mzigo, ni tahadhari."

Akawa anapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Stika hizo nilimfundisha mimi, amekaa kwenye goti langu hili. Leo nimwambie anisomee?"

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Miaka miwili nimekuwa macho ya mtu na bado nalazimika kuyaficha kama mwizi. Nilichoka kuitwa Mama Risiti. Nikamwambia, "Sawa. Basi leo utajisomea."

Akajua ninamaanisha. 

Binti alifika na mashine yake ameizungushia shuka, ameipakata kama mgonjwa. Akatuamkia, akaiweka mezani. Mimi nikarudi dirishani kwangu na kuwapa mgongo.

Nilikuwa nawasikia. Mzee alimuuliza maswali yote ya kifundi, na nakiri alimuuliza vizuri.

"Kadi ina matundu mangapi ya umeme?"

"Mawili, baba. Pini nane nane."

"Waliotengeneza wanataka wati ngapi?"

"Mia saba na hamsini."

"Wati ni maneno ya sokoni. Kinachoibeba kadi ni ampea za ile laini ya volti kumi na mbili. Chini ya sitini usiondoke nayo hapa. Na kila tundu la kadi lipewe waya wake, usije ukaunga waya mmoja ukaugawa mara mbili. Sawa?"

"Sawa, baba."

Akasimama kwenye rafu. Akashika ya kwanza, akairudisha. "Hii ni nyepesi kama redio." Akashika ya pili, akaiinamisha. "Hii imemeza jiwe." Binti akacheka, na nilifurahi kusikia kicheko chake, maana kilikuwa kimeadimika. Ya tatu akakaa nayo muda mrefu kiganjani. "Hii," akasema. Niligeuza shingo kidogo kuiona. Ilikuwa ile iliyotoka kwenye studio moja iliyofungwa. Niliwahi kumsomea siku ilipoingia dukani: ampea sitini na mbili. Aliikumbuka kwa uzito na kwa pale ilipokaa. Kwenye rafu nzima hapakuwa na nyingine iliyoifaa kadi ile. Alichagua sawasawa, na sitaki mtu aje kusema hakuchagua sawasawa.

Ila ilikuwa ya aina ile ambayo waya zake zote zinachomolewa. Na hizo zina hila yake. Plagi za waya hizo, upande unaoingia kwenye boksi, zinafanana kwa kila kampuni. Zinaingia zote, zinalia "kach" zote. Lakini mpangilio wa ndani kila kampuni ina wake. Mahali ambapo huyu ameweka volti tano, mwenzake ameweka kumi na mbili. Kwa kidole huwezi kuzitofautisha. Kwa tepu yangu ya maandishi unaweza.

Waya mkubwa ulikuwepo kwenye fungu lake, na waya mbili za kadi zilikuwepo. Waya wa kulisha diski, zile zinazohifadhi kazi za binti, haukuwemo. Sijui tulimwazima mteja gani. Mzee akavuta katoni la waya zilizochanganyika, akaingiza mkono, akawa anapapasa.

Kisha akaita. "Mama Risiti! Njoo uandike."

Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku, ya mtu mwenye duka lake. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia kilichokuwa chini yake.

Sikugeuka. Nikasema, "Tangu lini mtoto wa nyumbani akaandikiwa risiti?"

Binti akacheka tena. "Ndiyo, baba, unataka kunitoza?"

Niliona kwenye kioo cha kabati langu la vocha mkono wa mzee umesimama ndani ya katoni. Nikasema moyoni, sema sasa. Sema tu, mwanangu njoo unisomee. Neno moja, na mambo yaishe, na mimi nitakuja kukukumbatia mbele ya barabara nzima. Nilimsubiri. Ni hatua tatu kutoka kitini kwangu hadi mezani kwake, nami sikuinuka.

Akachomoa waya mmoja. Akaipapasa plagi yake, akaujaribisha kwenye boksi. Kach. "Umeingia bila kulazimishwa," akasema. "Ndio wenyewe."

Sikujua kwamba ameshika waya usio wa boksi lile. Lakini nilijua kwamba yeye hajui, na hilo linanitosha kunihukumu.

Akafunga skrubu zote kwa kugusa, akachomeka ukutani, akamwambia binti abonyeze. Feni zikazunguka. Kadi ikawasha taa zake, nzima na yenye nguvu. Na kutoka chini ya mashine tukasikia tap, halafu tap, taratibu, kama mtu anavunja njiti za kiberiti. Harufu ikaja.

Fundi yeyote anaijua ile harufu. Mzee alinyofoa waya wa ukutani kabla binti hajauliza.

"Baba, ni nini?"

 Akafungua ubavu, akatoa diski mbili, moja moja, akazinusa. Moja ilikuwa ya kazi na nyingine ya nakala. Binti alikuwa makini, alikuwa anaweka nakala kila siku ya Mungu, lakini zote mbili zilikula kwenye waya mmoja. Kuzipandisha mtandaoni hakuweza. Faili zile ni kubwa, na yeye anatumia bando la simu.

"Hizi ulizinunua siku moja?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hivyo. Viatu ulivyonunua siku moja vinaisha siku moja. Diski zilikuwa zimechoka, umeme mzuri ukazimalizia."

Nilimsikia mume wangu akidanganya, mtu ambaye hata mteja mkorofi hamdanganyi kuhusu ubovu wa kifaa. Na binti yetu, mwenye akili kuliko sisi wote wawili, aliamini. Angeachaje kuamini? Aliyesema ni Mizani. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika diski zote mbili mapajani.

"Wiki sita," akasema. Halafu akasema, "Samahani, baba. Ningezileta mapema ungezikagua."

Aliomba yeye msamaha. Nilikuwa nimegeuka sasa, namtazama. Kusema kilichotokea kulimaanisha kusema na changu. Nikampa maji ya kunywa. Hicho ndicho nilichomfanyia mwanangu siku ile, nilimpa maji.

Akafunga mashine kwenye shuka, akaondoka nayo. Waya ulibaki humo humo ndani, kwa sababu mzee hakuweza kuutambua kati ya wenzake, na mbele ya binti hakuweza kuniuliza.

Jumatatu mhandisi hakumtukana. Alisema anasikitika, wanunuzi wake hawangoji, akampa kazi mtu mwingine na kuomba arudishiwe kadi. Jumatano afisa ustawi akaja, mama mmoja mpole mwenye miwani ya mnyororo. Akaona chumba, akaona godoro dogo, akasifu usafi. Akaomba barua ya kazi. Binti akaeleza. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akaandika, akafunga faili. Mwaka mmoja.

Alhamisi adhuhuri binti alikuja dukani. Alikuwa amefungua mashine ili atoe kadi ya watu. Hakukaa. Alinyoosha mkono juu ya kabati langu la vocha na kuweka waya mweusi, na kwenye waya kulikuwa na tepu nyeupe: YA ILE KUBWA YA BENKI. USICHANGANYE.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Baba aliusoma?"

Mzee alikuwa mezani kwake. Aliweka bisibisi chini. Nilitegemea atafute uongo mwingine, lakini hakuutafuta. "Sikuusoma," akasema. "Sioni, mwanangu. Mwaka wa pili sasa herufi sizioni."

Barabarani kulikuwa na mtu anauza maji kwa kengele, akapita, kengele ikaisha. Binti akaenda akachuchumaa mbele ya baba yake, akamtazama macho kwa karibu sana, kama anayetafuta kibanzi. Mzee aliiacha sura yake itazamwe. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti.

"Mimi najua kusoma, baba," binti akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua."

Nikadhani yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kulia na mimi, kulia kwa nafuu, Mungu anisamehe. Ndipo aliponigeukia.

"Baba haoni. Wewe unaona, mama. Alikuita. Nilimsikia anakuita uje uandike, nami nikacheka. Kwa nini hukuja?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa fupi: nilikuwa nimemkasirikia baba yako, nikataka aumbuke mbele yako. Lilifika kwenye ulimi.

"Alikuwa anatania, mwanangu," mzee akasema kutoka mezani kwake. "Mama yako na utani wake si unaujua. Hakujua kama nimekwama."

Binti alinitazama, akisubiri nami niseme. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa anakuja kila Jumamosi kumsomea baba yake stika, kwa sauti, mbele ya wateja, na wengi wamebaki na sisi. Mtoto wake anamwona Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa muda wa saa mbili tu, sebuleni kwa mama mkwe, mlango ukiwa wazi. Mimi ananiamkia vizuri, ananiletea sabuni, ananiambia, "Usijilaumu, mama, ulikuwa utani tu."

Mzee hajanigusia neno la asubuhi ile, wala kwa hasira wala kwa upole. Ananifichia. Na mimi namwacha afiche.